Wosia wa Mtani

Siku tuliyomzika baba yangu watu walicheka hadi machozi yakawatoka, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Sioni aibu kusema. Mtani wake alikuwa ameketi ukingoni mwa kaburi, amevaa koti la marehemu, anatoa mtihani.

Kwa asiyejua mambo yetu, sisi ni Wapogoro, na Wangoni ni watani wetu. Babu zao waliwapiga babu zetu, au babu zetu waliwapiga wao, inategemea nani anasimulia. Vita vilipoisha kilichobaki ni ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Msibani mtani ndiye mwenye uwanja. Anamwiga marehemu, anazuia jeneza, anadai jogoo na pombe ndipo aruhusu maziko, na mfiwa akinuna, kosa ni la mfiwa. Mtani wa baba alikuwa Mzee Hermenegildi Komba, mwalimu wa Fizikia aliyefundisha naye shule moja karibu maisha yao yote ya kazi. Tangu nikiwa mdogo ananiita "mke wangu". Mama naye ni mke wake. Hata bibi, Mungu amrehemu, alikuwa mke wake.

Baba mwenyewe, Mwalimu Leodegar, alifundisha Uraia katika sekondari moja hapa Ifakara mpaka alipostaafu, na alipostaafu hakuacha, alihamisha darasa tu. Ukisimama naye kwenye foleni ya bombani, foleni inageuka kipindi. Alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake kwenye mkutano wa kijiji wakiwa na sare, wanakaa mbele, na mwenyekiti akisimama tu mtoto ananyoosha mkono: "Tunaomba kusomewa muhtasari wa mkutano uliopita." Wenyeviti walimwogopa kuliko mkuu wa wilaya. Watafiti wa mbu walipokuja kuomba kuweka mitego majumbani, aliwasimamisha mbele ya watu akawataka waeleze upya, kwa Kiswahili ambacho mama mkwe wake angekielewa. Wakaeleza, watu wakauliza, watu wakakubali. Kila uchaguzi walimfuata agombee udiwani. "Nikiwa mimi ndiye diwani, nani atambana diwani?" aliwajibu, akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Watu walimpenda. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mzazi wangu. Nilikuwa nikienda kufungua duka langu la pembejeo asubuhi nakuta mtu ameacha mlangoni mkungu wa ndizi kutoka Sanje, hakuna jina, na kila mtu anajua ni wa Mwalimu. Lakini nyumbani kumpata mtu huyo huyo ilikuwa kazi. Ukimuuliza jambo anakurudishia swali. Nilipomuuliza kama niolewe na yule niliyetaka kuolewa naye, alisema, "Wewe unaonaje, na kwa nini?" Nilitaka kumrushia kikombe. Katika maisha yangu yote sikumsikia baba akisema nataka hiki, sitaki kile.

Sasa ugomvi wenyewe. Baba alikuwa na shamba la mpunga bondeni, mbele ya Namawala, katikati ya makazi ya Wasukuma na mto. Zamani ng'ombe walikuwa na njia yao ya kwenda majini. Mashamba yakaongezeka, kila mtu akalima hatua chache kuingia njiani, na mwisho njia yote ikawa mpunga. Mzee Shilinde, mwenye kundi kubwa kuliko wote upande ule, akawa anawazungusha ng'ombe wake mbali sana wakanywe maji, na siku nyingine anachoka kuzungusha. Asubuhi mpunga wa mtu umelala chini. Mwaka juzi kijana mmoja wa wakulima alipoteza jicho kwa fimbo, na mchungaji mmoja alikatwa panga mkononi. Baba ndiye aliyeitwa kusuluhisha. Alikaa na pande zote mbili kwa zamu, akawasikiliza, akawauliza maswali yake, na ajabu ni kwamba kila upande uliondoka ukiamini Mwalimu ni wao.

Mambo yakatulia kidogo kwa heshima yake. Halafu akafa.

Basi pale kaburini. Mzee Hermenegildi ameketi, miguu inaning'inia ndani ya shimo, koti la kijivu la baba limemvaa badala ya yeye kulivaa, miwani ya baba iko ncha ya pua, chaki mkononi. "Kidato cha Pili B, kimya! Nani anaongea kule nyuma? Padre? Simama." Padre, aliyekwisha kuzoea, akajinyoosha akasimama zaidi ya alivyokuwa amesimama. Watu hoi. Mtani akauliza maana ya demokrasia, mtendaji wa kijiji akajaribu kujibu, akapewa sifuri. Tukamletea jogoo, akamtazama, akasema huyu hata darasa la saba hajamaliza, leteni wa kidato cha nne. Halafu akaanza kugawa urithi kwa sauti ya baba, ile ya polepole inayokwaruza.

"Baiskeli yangu nampa Padre apunguze tumbo. Meno yangu ya bandia nampa mwenyekiti wa kijiji, apate cha kumng'atia diwani. Mke wangu Theresia nampa Hermenegildi, hana jinsi, avumilie. Na shamba langu la bondeni, ng'ombe wa Shilinde wapite ukingoni waende wakanywe maji. Nimemaliza. Nizikeni, jua linawaka."

Watu walicheka, na mama yangu, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu juzi yake, alicheka akajifunika kanga usoni. Nilimshukuru yule mzee moyoni. Sikuona kwamba upande wa pili, kati ya Wasukuma waliokuja kuzika, Mzee Shilinde alikuwa amevua kofia.

Tulipomaliza matanga nikarudi dukani. Siku moja Nazari akaingia. Nazari ni kiongozi wa kikundi cha wakulima wa bondeni, na shamba lake linapakana na la baba. Hakunisalimia.

"Evelina, mmeuza?"

"Tumeuza nini?"

"Twende ukaone."

Nikafunga duka, tukapanda bodaboda. Nilichokiona bondeni sikukielewa kwanza. Vigingi vilikuwa vimepigwa kwa mstari mmoja safi kutoka juu makaoni hadi mtoni, kwenye ukingo wa shamba la baba, na ndani ya mstari huo ng'ombe walikuwa wakitembea kwa adabu kama watoto wa komunyo ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyetoka nje ya vigingi. Chini ya kwato zao mpunga wa baba uliokuwa unaanza kuchanua ulikuwa umegeuka tope. Mbele yao Mzee Shilinde, amevaa shati jeupe, fimbo begani.

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakaziba. "Mzee Shilinde, shikamoo, na toa ng'ombe wako kwenye mpunga wa baba yangu!"

"Marahaba, mwanangu. Pole tena na msiba." Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Sijaingia kwenye mpunga. Nimepita nilipopewa."

"Umepewa na nani?"

"Na Mwalimu. Si ulikuwepo? Nilikuona unafurahi."

"Ule ulikuwa utani!"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayeongea katika homa. Alichonieleza ni hiki. Siku ya maziko alimwona mzee amevaa koti la marehemu. Akamsikia anamwita mjane mke wangu, na mjane hakatai. Kwao anayevaa nguo za marehemu na kumchukua mjane ni mdogo wake marehemu, ndiye mrithi, na neno lake pale kaburini ni neno la marehemu. Alishangaa kidogo kwamba huyo mdogo mtu alikuwa na furaha nyingi namna ile, lakini alijiambia kila kabila na desturi zake, hakutaka kuwa mgeni asiye na heshima.

Nilishika kichwa. "Yule ni Mngoni, mzee wangu. Ni mtani wetu!"

Nilimwona anaelewa, maana Wasukuma nao wana watani wao, na mambo ya watani hayahitaji tafsiri. Uso ukamwanguka, nikamwonea huruma, na huruma hiyo ikaniudhi. Halafu akainua macho.

"Haya, mtani. Meno ni mchezo, baiskeli ni mchezo. Lakini njia ya ng'ombe? Akataja na jina langu? Mtani gani wa Kingoni anayejua shida yangu mimi, kama hakuambiwa? Lisemwalo lipo, mwanangu."

"Mzaha mzaha hutumbua usaha," Nazari akasema nyuma yangu, akatema mate. Nikageuka. Wakulima walikuwa wamekwisha kukusanyika, wana mapanga, wanasema wamekuja kupalilia, ingawa mpunga haupaliliwi kwa panga. Vijana wa Shilinde nao wakasogea na fimbo zao. Nikajikuta nimesimama katikati na mkoba wangu wa dukani, na kwa mara ya kwanza tangu baba afe niliogopa kweli. Hapa mtu angekufa. Na angekufa kwa sababu ya kicheko chetu.

"Subirini," nikasema. "Nimuulize Mzee Hermenegildi. Atasema alitumwa au hakutumwa. Nitaleta jibu mbele ya mkutano."

Walikubali kwa shingo upande. Mtendaji alipigiwa simu, akaitisha mkutano wa kijiji, na Shilinde akawarudisha ng'ombe ndani ya vigingi vyake vile vile, kwa adabu ile ile.

Nilianzia kwa mama. Alikuwa anachambua mchele, hakusimama. "Wiki za mwisho alikuwa akienda bondeni na Hermenegildi kila jioni," alisema. "Nikamuuliza mnafuata nini huko na kifua chako hicho. Akaniuliza, 'Theresia, ng'ombe akiwa na kiu anavunja sheria?' Nikamwambia sijui. Akasema na yeye hajui."

"Halafu?"

"Halafu akala. Unataka nini, Evelina? Unamjua baba yako."

Ndilo lililokuwa linaniuma. Simjui. Nazari aliniapia kwamba Mwalimu alimwambia mpaka ni mpaka. Shilinde aliniapia kwamba Mwalimu alimwambia kiu haina mpaka. Na mimi niliamini wote wawili, maana baba angeweza kuwauliza maneno hayo kama maswali, na wao wakayachukua kama majibu. Nilimkasirikia. Mtu anawafundisha watoto wa watu wasimame waseme wanachotaka, halafu yeye anaingia kaburini hajasema, anamwachia Mngoni.

Nikaenda kwa huyo Mngoni, nimebeba jogoo, maana namjua. Alikuwa barazani kwake karibu na stesheni, amefungua redio ya mtu, nyaya zimetapakaa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mtumwa wangu. Umehamia leo? Mbona huna begi?"

"Sina utani leo. Baba alikuambia habari ya ile njia, au hakukuambia?"

"Mtu aliyenuna hajibiwi na mtani. Cheka kwanza."

Nilimtukana. Sirudii nilichosema, mtani ana haki ya kutukanwa lakini nilivuka. "Watu watakatana mapanga!" nikapiga kelele, majirani wakachungulia. "Sema neno moja tu, ndiyo au hapana!"

Aliweka bisibisi chini. "Nikisema ulikuwa utani, Shilinde atasema wakulima wamenihonga. Nikisema ni kweli, Nazari atauliza Mngoni alisema kweli lini. Mimi sina mdomo tena, mke wangu. Niliumaliza wote pale kaburini." Akairudia redio yake, na nikaona anakaza skrubu ile ile aliyokwisha kuikaza. Sikujua ni uzee au ni nini. Nikaondoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja, jogoo nikamwachia.

Mkutano ulifanyika katika uwanja wa shule ya msingi. Wakulima upande huu, wafugaji upande ule, na katikati nafasi tupu ambayo hakuna aliyetaka kukaa. Mtendaji akaeleza jambo, akaniita. "Familia ndiyo itatuambia. Ulikuwa wosia au ulikuwa utani?"

Usiku kucha nilikuwa nimejipanga, nikaona nimepata ufumbuzi wa mtu mzima. Nikasimama. "Baba alisema au hakusema, mimi sijui," nikasema. "Lakini shamba sasa liko mikononi mwa mama na mimi. Tumekubaliana tunautoa ule ukingo. Ni mimi ninayesema." Nilijisikia vizuri sana. Nilidhani watapiga makofi.

Nazari akainuka. "Wewe ni nani? Wewe si muuza mbolea? Ukitoa wewe leo, kesho nami nitaambiwa nitoe kwa sababu Evelina alitoa. Angesema Mwalimu, tungenyamaza. Lakini wewe!" Watu wake wakacheka. Hilo nilikuwa nimelitegemea, ingawa liliuma.

Ambalo sikulitegemea ni Shilinde. Alisimama taratibu, kofia mkononi. "Nashukuru, mwanangu. Lakini njia yako siitaki."

"Huitaki?"

"Njia ya mtu aliye hai inafungwa. Utakasirika, na wewe una hasira, tumeiona. Utauza. Watoto wako watakuja na mawazo yao. Njia ya marehemu haifungwi, kwa sababu nani atamwendea kumwomba abadili neno? Kama Mwalimu alisema, napita na wajukuu wangu watapita. Kama hakusema, nang'oa vigingi vyangu leo, tuishi kama tulivyokuwa tunaishi." Akakaa.

Kila mtu pale alijua tulivyokuwa tunaishi. Yule kijana mwenye jicho moja alikuwa ameegemea ukuta wa darasa, na watu walikuwa wakijizuia kumtazama. Nikamwangalia mama, mama akaangalia mchanga. Nikamtafuta Mzee Hermenegildi. Alikuwa nyuma kabisa, hana koti la mtu, hana chaki, mdogo kuliko ninavyomjua. Hakunisaidia. Sikujua lililo sahihi. Nilijua tu kwamba katika watu wote wale hakuna aliyekuwa akimtaka Evelina. Walimtaka baba yangu, na mimi ndiye niliyekuwa naye karibu.

"Alisema," nikasema.

"Nani?" Mtendaji akauliza.

"Baba alisema. Ng'ombe wapite ukingoni. Mzee Hermenegildi hakutunga. Aliniambia na mimi."

Nazari alinikazia macho, nami nikamkazia, sijui nilipata wapi uso huo. Mwisho akashusha pumzi. "Kama ni Mwalimu," akasema, akakaa. Wengine wakanung'unika, lakini walinung'unika wamekaa. Shilinde aliiweka kofia kifuani akainamisha kichwa upande nilikosimama, na nilijua si mimi anayeinamiwa. Mtendaji akatangaza kwamba njia ni ile, vigingi visisogezwe, na ng'ombe akitoka nje ya kigingi mwenyewe atafidia. Ikapita.

Nilipokuwa natoka uwanjani mtu akanishika mkono. Ni Mzee Hermenegildi. Nikajiandaa kutaniwa.

"Evelina," akasema.

Hajawahi kuniita jina langu tangu nizaliwe. Nikasimama.

"Alikuambia lini?"

"Nini?"

"Habari ya njia. Mimi hakuniambia." Hakuniachia mkono. "Tulikuwa tunakwenda tu. Tunakaa pale, tunawatazama ng'ombe wanavyozungushwa, yeye hasemi kitu. Siku ya maziko nilimwona mama yako ameganda vile, nikatafuta la kumchekesha, likanitoka lile. Halafu nikasikia vigingi, nikasikia mapanga. Toka hapo sijalala usingizi wa maana. Nimemzulia maiti, Evelina. Rafiki yangu. Watu wauane kwa mdomo wangu." Akafuta macho kwa kiganja, na mtani halii kwa mtani wake, hata watoto wanajua hivyo. "Kumbe alikuwa nalo. Kumbe nilimsikia bila yeye kusema."

Nikamchunguza usoni nitafute utani. Nilitafuta kwa nguvu zote. Nilidhani anajua nimedanganya na ananitega nijiumbue. Halafu nikadhani hapana, huyu mzee analia kweli, na mimi ndiye niliyempa hayo maneno anayoyashikilia, na maneno hayapo. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Nyuma yake wafugaji na wakulima walikuwa wakitoka kwa lango moja, wanapishana, mtu anamsukuma mwenzake begani kwa mzaha. Nikaufunga.

"Niambie maneno yake," akasema. "Yalivyo. Nimemkosa sana."

Nikaanza. Nikamwambia tulikuwa nyuma ya nyumba, baba amekaa kwenye kigoda anamenya chungwa, mimi naanua nguo. Nikamwambia alisema, "Ule ukingo wa bondeni, Evelina, hata mpunga wenyewe haukai vizuri." Sauti ilinitoka polepole, inakwaruza, na haikuwa yangu. Nikaendelea, jinsi alivyotema mbegu, jinsi alivyosema wale wanyama wana kiu na sisi tunawaona, na nikawa namwona kabisa, kisu, maganda, na vidole vyake vyenye chaki isiyotoka hata baada ya kustaafu. Mahali fulani hapo katikati nikawa sijui tena kama nabuni au nakumbuka.

Mzee Hermenegildi alikuwa amefumba macho, anaitikia kwa kichwa taratibu.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa. Endelea."